Kishale cha mwenzako kimeganda: mwongozo wa kutatua matatizo ya Figma kwa timu za wabunifu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya timu za wabunifu zinazofanya kazi pamoja kwenye Figma, programu iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016 na ambayo leo hutumika kuchora skrini za simu, tovuti, mabango na mawasilisho. Dalili zilizomo ni zile zinazoletwa tena na tena na wabunifu, wasanidi programu na wateja wao, hasa baada ya vipengele vipya kuongezwa na menyu kuhamishwa. Chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayotokea mara nyingi zaidi, ukaguzi mwepesi unatangulia marekebisho ya ndani, na palipo na hatari ya kupoteza kazi nimeeleza ni wapi pa kusimama na nani wa kuitwa.

Kabla ya kugusa chochote

Kazi nyingi inayopotea haipotezwi na hitilafu yenyewe, bali na hatua ya haraka ambayo mtu huichukua ili kuiondoa hitilafu hiyo. Mtandao ukikatika wakati unachora, mabadiliko yako hayafiki kwenye seva, lakini hubaki yamehifadhiwa ndani ya kivinjari au ndani ya programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta yako, yakisubiri mawasiliano yarudi. Anayefuta data ya kivinjari, au anayeiondoa programu na kuisakinisha upya, huyafuta mabadiliko hayo kwa mkono wake mwenyewe. Anayehamia kwenye kompyuta nyingine hatayakuta huko, kwa kuwa hayajawahi kuondoka kwenye ile ya kwanza.

Kwa hiyo, dalili yoyote ikijitokeza, usifunge kichupo, usifute kashe (data ya kurasa ambayo kivinjari hujiwekea), usitoke kwenye akaunti, na usisakinishe chochote upya hadi uhakikishe kwamba alama ya mabadiliko yasiyohifadhiwa imetoweka. Ikiwa faili bado linafunguka, tumia menyu ya faili kuhifadhi nakala kwenye kompyuta. Utapata faili ambalo jina lake linaishia na «.fig». Nakala hiyo haibebi maoni ya wenzako wala historia ya matoleo, lakini michoro yenyewe inakuwa salama. Iwapo ulikuwa unafanya kazi katika dirisha la faragha la kivinjari, tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa kuwa dirisha hilo likifungwa kila kilichohifadhiwa humo hufutwa.

Dalili: Ninachora, lakini wenzangu hawaoni mabadiliko

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na mara nyingi haihusiani na Figma hata kidogo.

Sababu ya kwanza ni bando. Wengi hupima mtandao kwa kutuma ujumbe wa WhatsApp, na ujumbe ukienda huhitimisha kwamba mtandao upo. Kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu baadhi ya mabando yanayouzwa Tanzania, Kenya na Uganda ni ya mitandao ya kijamii pekee, na data ya jumla inapokwisha WhatsApp huendelea kufanya kazi huku tovuti nyingine zote zikiwa zimesimama. Pima kwa kufungua tovuti ambayo hujawahi kuitembelea, ili kivinjari kisikuonyeshe ukurasa wa zamani kutoka kwenye kashe yake. Isipofunguka, angalia salio la data kabla ya jambo lingine lolote.

Sababu ya pili inafanana na hiyo: umeme umekatika, kompyuta ya mkononi inaendelea kwa betri yake, na hakuna aliyegundua kwamba ruta imezimika. Ofisi inayotegemea faili la pamoja inafaa kuiwekea ruta betri ya akiba kabla ya kununua skrini kubwa.

Sababu ya tatu ni kwamba mnaangalia mafaili mawili tofauti. Mtu mmoja ametengeneza nakala ya faili, au amefungua tawi, yaani nakala ya kazi inayotengwa ili ibadilishwe bila kugusa faili kuu na ambayo hupatikana katika mipango mikubwa ya malipo ya Figma, Organization na Enterprise, na mabadiliko yake hayataonekana kwenye faili kuu hadi tawi liunganishwe. Someni jina la faili lililo juu ya skrini kwa sauti, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kisha linganisheni viungo vyenu herufi kwa herufi. Nimeona timu zikipoteza mchana mzima kwa kuruka hatua hii kwa sababu ilionekana ya kitoto mno. Ikigundulika kwamba ni nakala, amueni mara moja lipi ndilo faili halali, hamishieni kazi huko, na nakala ibadilishwe jina ili lianze na neno «USITUMIE».

Sababu ya nne ni ukuta wa ulinzi wa ofisi au VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine. Figma huweka mawasiliano ya wazi yanayodumu kati ya kompyuta yako na seva ili vishale na mabadiliko yapite papo hapo, na baadhi ya mifumo ya ofisi, benki na vyuo huruhusu kurasa za kawaida lakini hukata mawasiliano ya aina hiyo. Dalili yake ni ya kipekee: faili linafunguka vizuri kabisa, kisha kila kitu kinaganda. Zima VPN ikiwa una ruhusa ya kufanya hivyo, au jaribu kwa mtandao wa simu. Kazi ikienda, tatizo liko kwenye mtandao wa ofisi. Simama hapo. Usiubadilishe ukuta wa ulinzi mwenyewe, bali mwombe fundi wa mtandao aruhusu mawasiliano ya WebSocket, ndiyo hayo yanayodumu wazi, kwenda kwenye anwani za figma.com.

Sababu ya tano, ambayo hutokea zaidi kwenye kompyuta kuukuu, ni saa iliyorudi nyuma. Betri ndogo iliyo kwenye ubao mama ikichakaa, kila kompyuta inapozimwa tarehe hurudi miaka kadhaa nyuma, na kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya tovuti kwa kuviona havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, washa uwekaji wa saa kwa mtandao, na betri hiyo ibadilishwe na fundi.

Yote hayo yakiwa sawa, inawezekana hitilafu ni kubwa kuliko ofisi yenu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi, zikabaki na intaneti hafifu au bila intaneti. Siku kama hiyo hakuna unachoweza kurekebisha. Fungua status.figma.com kwa simu ya mtandao mwingine uone kama seva zenyewe zina tatizo, waulize wenzako walio mji mwingine, kisha kubalianeni kwamba kila mtu afanye kazi kwenye ukurasa wake ndani ya faili lililokwisha kufunguka, bila kulifunga, hadi mawasiliano yarudi. Wawili wasiguse fremu moja, yaani ubao mmoja wa mchoro, wakiwa nje ya mtandao, kwa sababu zitakazoelezwa chini.

Dalili: Faili ni zito, linakwama, au limejifunga

Watumiaji wengi hulaumu kompyuta kwanza. Mara nyingi zaidi mkosaji ni faili. Kila kichupo cha Figma kina kikomo cha kumbukumbu cha gigabaiti 2, na kikomo hicho hakiongezeki hata ukinunua kompyuta yenye gigabaiti 32. Faili linapokaribia kikomo, onyo hutokea juu ya skrini. Likikifikia, hufungwa lisihaririwe hadi uzito upunguzwe.

Anza kwa kufungua kipimo cha matumizi ya kumbukumbu kilichomo kwenye menyu ya mwonekano, kisha tafuta vitu vitatu hivi. Cha kwanza ni tabaka zilizofichwa ndani ya vijenzi, yaani vipande vinavyochorwa mara moja na kutumiwa mahali pengi: kitufe kimoja kilichochorwa na aikoni arobaini zilizofichwa, kikatumiwa mara mia tatu, kinabeba aikoni zote hizo kila mahali kilipowekwa, ingawa hakuna anayeziona. Cha pili ni kurasa za kumbukumbu za zamani, zile zenye majina kama «mawazo ya kwanza» na «toleo la mteja la mwisho kabisa». Zihamishie kwenye faili la hifadhi. Cha tatu ni picha nyingi kubwa zilizorundikwa kwenye ukurasa mmoja. Siku hizi Figma hupakia ukurasa pale tu unapoufungua, kwa hiyo kugawa kazi katika kurasa kadhaa husaidia kuliko ilivyokuwa zamani. Kuziacha fremu zote kwenye ukurasa mmoja kunaifuta faida hiyo.

Faili likiwa jepesi na bado skrini inakwama, geukia kompyuta. Funga vichupo vingine, zima viendelezi vya kivinjari, hasa vya kusahihisha maandishi na vya kutafsiri kurasa, kisha hakikisha kwamba uharakishaji wa maunzi umewashwa katika mipangilio ya kivinjari. Figma huchora kwa kutumia kadi ya michoro ya kompyuta. Uharakishaji ukizimwa, kazi yote hubebwa na kichakataji cha kawaida, na hata faili dogo hukwama. Kusasisha kiendeshi cha kadi ya michoro ndiyo hatua ya mwisho unayoweza kuichukua mwenyewe, na uifanye baada ya kazi zote kuhifadhiwa, si saa moja kabla ya kuwasilisha kwa mteja.

Faili likifungwa kabisa na ndani yake mna kazi ambayo haipo kwingine, usiendelee kufuta kwa kubahatisha. Mwite mwenye faili au msimamizi wa timu, na mkishindwa wasilianeni na huduma ya wateja ya Figma mkiwa na kiungo cha faili hilo.

Dalili: Kipengele kipya hakionekani kwangu, au kilikuwepo kikatoweka

Hapa sababu kuu ni leseni. Tangu Machi 2025 Figma hutoa leseni za aina nne: kamili, ya msanidi, ya ushirikiano na ya kutazama. Mwenye leseni ya kutazama anaweza kufungua faili na kuandika maoni, lakini hataweza kusogeza hata mstari mmoja, na kukarimiwa na mwenye faili kwa ruhusa ya kuhariri hakutoshi ikiwa leseni yenyewe hairuhusu. Watu wengi hukwama kati ya vitu hivi viwili: ruhusa hutolewa kwa faili, leseni hutolewa kwa mtu. Kagua vyote, ukianza na ruhusa kwa sababu mwenzako anaweza kuirekebisha ndani ya dakika moja, ilhali leseni inagharimu fedha na inaamuliwa na msimamizi.

Wasanidi programu huuliza zaidi kuhusu Dev Mode, ile hali inayoonyesha vipimo, rangi na vipande vya msimbo. Ilizinduliwa Juni 2023 ikiwa katika majaribio, bila malipo ya ziada, na kuanzia Januari 2024 ikawa ya malipo. Msanidi aliyeizoea wakati wa majaribio na leo haioni hana hitilafu yoyote kwenye kompyuta yake. Anahitaji leseni ya msanidi au kamili.

Akaunti mbili ni sababu ya pili. Mtu ana akaunti ya kazini na ya binafsi, amealikwa kwa moja na ameingia kwa nyingine. Tazama barua pepe iliyo kwenye wasifu wako kabla ya kumwandikia msimamizi.

Kuhusu vipengele vya akili mnemba, kuna mambo matatu ya kuangalia kwa mpangilio huu: kama mpango wenu unavijumuisha, kama msimamizi amevizima, na kama kipengele chenyewe bado kipo. Hili la mwisho si la kubuni. Zana ya kutengeneza skrini kwa maelezo ya maandishi iliondolewa Julai 2024, siku chache tu baada ya kutangazwa, kwa kuwa ilionekana ikitoa michoro inayofanana mno na programu ya hali ya hewa ya Apple. Baadaye ilirudi kwa jina la First Draft. Aliyeizoea ile ya kwanza alikuwa na haki ya kushangaa.

Onyo linalofaa kutolewa hapa ni kuhusu siri za wateja. Figma iliweka mpangilio unaoamua kama maudhui ya timu yanaweza kutumika kufunza mifumo yake ya akili mnemba, ukaanza kufanya kazi tarehe 15 Agosti 2024. Katika mipango ya Starter (ule wa bure) na Professional mpangilio huo uliwekwa ukiwa umewashwa, na katika Organization na Enterprise ukiwa umezimwa. Timu ndogo zenye mikataba ya usiri, na hizo ndizo nyingi kwetu, zimo zaidi katika kundi la kwanza. Msimamizi aufungue mpangilio huo leo na auone kwa macho yake. Mkataba ukisema lolote kuhusu data, uamuzi si wa mbunifu peke yake; ashirikishwe mwanasheria wa ofisi au mteja mwenyewe.

Dalili: Nimebadilisha kijenzi kwenye maktaba, lakini mafaili mengine yamebaki na cha zamani

Karibu kila mara, mabadiliko hayajachapishwa. Kubadilisha kijenzi ndani ya faili la maktaba, yaani faili ambalo mafaili mengine huchukua vijenzi kutoka kwake, ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuyachapisha mabadiliko, na ya tatu ni mwenye faili linalopokea kuyakubali. Figma haimlazimishi mpokeaji, na kwa maoni yangu hilo ni jema, kwa kuwa skrini iliyokwisha kuidhinishwa na mteja haipaswi kubadilika usiku bila mtu kujua. Fungua faili la maktaba, chapisha, andika maelezo mafupi ya kilichobadilika, kisha mwombe mwenzako afungue dirisha la maktaba upande wake na akubali masasisho. Timu iliyo kwenye mpango wa bure ikumbuke kwamba uchapishaji wa vijenzi una mipaka katika mpango huo.

Ikiwa masasisho yamekubaliwa na kitufe kimoja tu kimebaki kama kilivyokuwa, kiangalie kwa makini. Huenda kimetenganishwa na kijenzi chake kwa bahati mbaya, kwa kuwa vitufe vya Ctrl, Alt na B vikibonyezwa pamoja hukata uhusiano huo na hakuna kengele inayolia. Kilichotenganishwa hakipokei tena chochote. Weka kipya mahali pake. Au huenda mtu amebadilisha rangi yake papo hapo, na badiliko hilo la hapo linashinda lile la maktaba hadi uliondoe.

Kijenzi kikuu kikiwa kimefutwa, usichore kingine haraka. Chagua mahali popote kilipotumiwa na utafute amri ya kukirejesha kijenzi kikuu, kwa sababu kipya utakachochora hakitaunganishwa na vile vya zamani hata kikifanana navyo kwa kila nukta.

Dalili: Maandishi yamebadilika sura au hayahaririki

Fonti haipo kwenye kompyuta yako. Maandishi yenye fonti inayokosekana huonekana kama yalivyochorwa, lakini hutaweza kuyahariri hadi uisakinishe fonti hiyo au uibadilishe. Programu ya Figma iliyosakinishwa kwenye kompyuta husoma fonti zote za kompyuta yenyewe. Anayetumia kivinjari anahitaji kusakinisha kisaidizi cha fonti kinachotolewa na Figma. Usikubali pendekezo la kubadilisha fonti kwenye faili la pamoja kwa ajili tu ya kuona linavyokuwa, kwa sababu wenzako wote watalipata badiliko hilo. Timu zilizo kwenye mipango mikubwa zinaweza kupakia fonti za pamoja. Zilizo kwenye mipango midogo zihifadhi fonti za mradi katika folda moja pamoja na leseni zake, kwani fonti iliyonunuliwa na mtu mmoja si lazima iruhusiwe kwa wote.

Kuna tatizo dogo linalowahusu wanaoandika Kiswahili, na sijaliona likizungumzwa inavyostahili. Maneno kama ng'ombe, ng'ambo na kung'aa hubeba alama ambayo huandikwa kwa namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Mwandishi akinakili maandishi kutoka kwenye programu inayopinda alama yenyewe, kisha mbunifu akatafuta «kung'aa» kwa alama iliyonyooka, utafutaji hauleti kitu na neno hubaki bila kusahihishwa hadi linachapishwa. Chagueni namna moja kwa mradi mzima, na kabla ya kukabidhi kazi tafuteni ile nyingine.

Dalili: Kazi yangu imefutwa, au mwenzangu ameandika juu yake

Ni vyema kuelewa namna Figma inavyoamua pale watu wawili wanapogusa kitu kimoja. Evan Wallace, mmoja wa waanzilishi wake, aliieleza mwaka 2019: seva hulinganisha sifa moja moja ya kila kitu, na pale watu wawili wanapobadilisha sifa ileile, thamani iliyofika mwisho kwenye seva ndiyo inayobaki. Ukibadilisha rangi ya kitufe na mwenzako akabadilisha upana wake, yote mawili yanabaki. Mkibadilisha rangi wote wawili, mmoja atapoteza. Aliyefanya kazi saa nzima nje ya mtandao hufikisha mabadiliko yake mwishoni, hivyo anaweza kufunika bila kukusudia uamuzi wa mwenzake uliofanywa wakati yeye hayupo.

Ukiona kitu kimetoweka, hatua ya kwanza ni kurudi nyuma kwa Ctrl na Z, ukikumbuka kwamba amri hiyo hurudisha matendo yako tu, si ya mwenzako. Aliyefuta ndiye arudishe. Isipowezekana, fungueni historia ya matoleo. Figma huweka alama za matoleo yenyewe kazi inapoendelea, na unaweza kuweka toleo lenye jina kwa Ctrl, Alt na S. Fanyeni hivyo kabla ya kila kikao cha pamoja na kabla ya kuunganisha tawi. Katika mpango wa bure historia inayofikiwa ni ya siku 30, kwa hiyo usisubiri.

Lililo muhimu zaidi ni hili: usirejeshe toleo la zamani juu ya faili zima wakati wenzako wanaendelea kuchora. Kurejesha hakufuti historia, lakini kazi yote ya asubuhi hiyo itatoweka mbele ya macho ya watu wote waliomo. Badala yake, fungua toleo la zamani, litengenezee nakala, nakili kutoka humo kile kilichopotea tu, kisha kibandike kwenye faili hai.

Kwa wanaotumia matawi, onyo la mgongano linapotokea wakati wa kuunganisha, pitieni kila mgongano mkiwa wawili, aliyechora tawi na anayesimamia faili kuu. Kuchagua upande mmoja kwa vyote ili kumaliza haraka ndiyo njia ya uhakika ya kufuta kazi ya mtu.

Dalili: Rangi au picha zimeharibika kwenye uchapaji

Rangi zikitofautiana kati ya skrini mbili, kagua kwanza wasifu wa rangi wa faili, yaani kiwango cha rangi linachotumia, sRGB au Display P3. Ukitaka kuubadilisha, angalia kwamba kuna chaguo mbili: moja hubakiza namba za rangi na kubadili mwonekano, nyingine hubakiza mwonekano na kubadili namba. Kwa rangi za chapa ya mteja, tofauti hiyo si ndogo.

Zikitofautiana kwenye karatasi au kitambaa, sababu ni nyingine. Figma haifanyi kazi kwa CMYK, mfumo wa rangi za wino unaotumika kwenye uchapaji. PDF inayotoka humo ni ya rangi za mwanga. Vilevile, picha yenye upande unaozidi pikseli 4096 hupunguzwa inapoingizwa, jambo lisiloonekana kwenye skrini lakini linaloonekana vizuri sana kwenye bango la barabarani. Hifadhini picha asilia nje ya Figma, na kazi ya uchapaji ikamilishwe katika programu ya uchapaji. Kabla ya kuchapa nakala nyingi, mkabidhi mchapaji faili na uombe karatasi ya majaribio; yeye ndiye mtaalamu wa mashine yake.

Dalili: Maoni, vishale au menyu zote zimetoweka

Hizi ni njia za mkato zilizobonyezwa bila kukusudia. Shift na C huficha na kuonyesha maoni. Ctrl na alama ya mkwaju wa nyuma huficha menyu zote. Ukiongeza Alt hapo, vishale vya wenzako huondoka. Bonyeza tena. Ikiwa ni oni moja tu lisiloonekana, huenda limewekewa alama kwamba limeshughulikiwa, na kichujio cha orodha ya maoni kitakuonyesha.

Dalili: Faili zima halipo, au kuna mtu msiyemjua ndani yake

Faili lisiloonekana huwa limehamishiwa kwenye mradi mwingine, limewekwa kwenye taka, au lilikuwa kwenye rasimu za mtu aliyeondoka kazini. Muulize mwenye faili kwanza, kisha msimamizi atazame taka na rasimu hizo. Mtu anapoaga, umiliki wa mafaili yake uhamishwe kabla ya akaunti yake kufungwa; baada ya hapo kazi huwa ngumu mara nyingi zaidi.

Mgeni akionekana ndani ya faili, fungua mipangilio ya kushiriki na uangalie kama kiungo kimewekwa wazi kwa yeyote aliye nacho. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na kukifunga kunatosha. Lakini akiwa ameingia kwa jina la mwenzenu ilhali mwenzenu amekaa mbele yenu na hajafungua kompyuta, msijaribu kurekebisha lolote ndani ya faili. Mwenye akaunti abadilishe nenosiri lake kutoka kwenye kompyuta salama, afunge vikao vyote vilivyo wazi na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, huku msimamizi akiondoa ruhusa za akaunti hiyo na kuiandikia huduma ya wateja ya Figma. Msimpe mtu yeyote anayepiga simu au kutuma ujumbe akidai ni mhudumu nambari ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yenu, wala msimruhusu aongoze kompyuta yenu kutoka mbali. Mteja ambaye kazi yake ilikuwa ndani ya faili hilo aarifiwe siku hiyohiyo.